Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mtoto huyu si mkaidi

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali mkoani Kilimanjaro. Nina mwanafunzi wa miaka 5, mwili wake kama wa miaka 3. Jumatatu alihesabu vifuniko vya soda mpaka 3, akacheka. Jumanne vifuniko vilevile, akaviangalia kama mgeni. Ukimwambia "vua viatu, nawa mikono, kaa mkekani", atavua viatu, kisha atasimama pale mlangoni. Kwake amemaliza. Shule aliyotoka walimchapa kwa ukaidi. Na mimi nikiri: niliwahi kumfokea mpaka akajikojolea.

Mama yake hakunificha. Akiwa mjamzito alikunywa mbege, pombe yetu ya kienyeji, kama mama yake na shangazi zake walivyokunywa. Ndizi na ulezi, wanasema, vinampa mzazi nguvu na maziwa. Siku za soko alikunywa na vikali zaidi. Hakuna aliyemweleza kwamba pombe hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, wala kwamba hakuna kiasi wala mwezi wa mimba ulio salama.

Mimi si daktari, siwezi kusema hiyo ndiyo sababu. Lakini hospitali tuliyompeleka walimpima uzito, wakampa vitamini, wakasema atakua tu. Swali la pombe halikuulizwa.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, walieleza watoto walioathiriwa na pombe wakiwa tumboni: macho yenye uwazi mfupi, mdomo wa juu mwembamba, kijifereji cha chini ya pua kilichokuwa tambarare, kichwa kidogo. Baadaye ikajulikana kwamba wengi wao wana sura ya kawaida kabisa, na madhara yamejificha kwenye ubongo: kumbukumbu, utulivu, kuelewa kwamba kosa lina matokeo. Kundi zima la matatizo hayo yaletwayo na pombe wakati wa mimba wataalamu huliita kwa kifupi FASD. Afrika Kusini, kwenye mashamba ya zabibu ya Rasi ya Magharibi ambako vibarua walizoea kulipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo, wamewapima watoto wa darasa la kwanza kwa miaka mingi. Sisi wenye mbege, ulanzi na gongo tunasubiri nini?

Ubongo ulioumia haurudi ulivyokuwa, ila mtoto akitambuliwa mapema, hasa kabla ya miaka 6, maisha yake yanaweza kwenda vizuri zaidi. Huyu wangu sasa nampa agizo moja moja, na juu ya ndoo nimebandika picha ya mikono. Ananawa. Imenichukua wiki 7.

Naomba muuguzi wa kliniki afundishwe kuuliza kuhusu pombe kwa upole, maana akiuliza kwa ukali atadanganywa. Na baba aulizwe pia. Mara nyingi ndiye anayeijaza kata ya pombe. Naomba mzingo wa kichwa cha mtoto upimwe, siyo uzito peke yake. Na ukikaa na mwenzako wa Elimu, mtuletee sisi walimu wa awali mafunzo, hata ya siku 2.

Mama yule ana mimba ya miezi 4. Mbege ameacha, ingawa kuna siku anateleza. Alhamisi anakwenda kliniki. Nimemwambia aseme mwenyewe, hata asipoulizwa.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa awali, Kilimanjaro