Kuhusu meza ya dada yako

Lamu, Mkomani
Jumanne usiku

Ndugu yangu Athmani,

Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, na Bi Mkubwa ni mzima pia, ila goti lake la kushoto bado linamsumbua apandapo ngazi, na ameniagiza nikuambie kwamba dawa zimefika. Uniwie radhi kwa kimya changu cha tangu Ramadhani. Ningengoja nirudi Mombasa ndipo nikuandikie kwa utulivu, lakini kuna jambo nimelikuta hapa kwenu, la dada yako Mwanaisha anayetaka kuwauzia wageni chakula nyumbani, ambalo limeninyima usingizi usiku wa pili sasa.

Nilifika Ijumaa kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti, nikachukua chumba karibu na gati ili nisimpe Bi Mkubwa kazi ya kunihudumia. Kwa siku tatu nimekula nje kama msafiri yeyote asiye na jamaa mjini. Usiku wa kwanza niliketi katika mkahawa mmoja unaotazama bahari, nikaletewa menyu ndefu yenye pizza, tambi, kamba wa kitunguu thomu, na samaki wa kuchoma kwa viazi vya kukaanga. Menyu hiyo ningeweza kuisoma nimefumba macho, kwa sababu ndiyo niliyopewa mwaka jana Malindi. Kule sikushangaa, kwani Waitaliano wameishi Malindi kwa miongo mingi, hata wachuuzi wa ufuoni hupatana bei kwa Kiitaliano, na pizza kule ni chakula cha wakazi. Hapa je? Mgeni amesafiri kuja kuuona mji ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001 kwa kuwa ndio mji mkongwe wa Waswahili uliohifadhika kuliko yote katika Afrika Mashariki. Ameshinda akipita Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, ameinua macho kutazama wikio, vyumba vinavyovuka juu ya vichochoro, na milango ya nakshi, kisha jioni anaketi kula kile kile alichokiacha kwao.

Nilimwuliza mhudumu, kijana wa Langoni mwenye adabu sana, kama ninaweza kupata samaki wa kupaka. Akanijibu, "Hicho, ami, ni chakula cha nyumbani." Hakunijibu vibaya, wala hakusema uongo, na ndiyo maana neno lake halijanitoka.

Sitaki udhani kwamba nililala njaa, wala kwamba mji wenu hauna cha kununua. Sharubati ya embe niliyokunywa ukingoni mwa bahari ilikuwa nzito hata kijiko kilisimama ndani yake. Asubuhi nilipata mahamri na mbaazi za nazi, na jioni nilikula mishkaki na viazi karai karibu na Ngome, nikiwa nimesimama katikati ya watu na punda, nikafurahi. Lakini hivyo ni vya kifungua kinywa na vya kupitishia jioni. Mlo wenyewe, ule ambao watu wa hapa Amu huuketia mchana pamoja na jamaa zao, hauonekani barabarani. Jumapili, mume na mke kutoka Ujerumani walioketi meza ya jirani walisikia nikizungumza Kiswahili, wakaniuliza wenyeji hula wapi. Niliona haya, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na sikuwa na ruhusa ya kulitoa.

Jana Bi Mkubwa aliniita. Samaki aina ya changu alikuwa ameokwa juu ya makaa na kupakwa kasimile, tui zito la nazi, iliyotiwa ndimu, kitunguu thomu na pilipili, akageuzwa na kupakwa tena hadi tui likamshika kama ngozi ya pili, na kando yake palikuwa na mkate wa mofa uliotoka tanurini wakati huo huo. Mpwa wako Nasiri ndiye aliyeleta sinia. Amekuwa mrefu, Athmani, na sauti yake imekuwa ya marehemu baba yake. Niliposifu chakula, Bi Mkubwa akaniambia kwamba Mwanaisha ndiye aliyepika, kisha akanyamaza kidogo, akanieleza lile shauri lake ambalo wewe ulilikataa.

Nijuavyo, ulimwandikia kwamba nyumba ya watu haiuzi chakula. Ninaielewa hofu yako, na Mjomba ananiambia kwamba yeye pia aliwaza hivyo mwanzoni. Lakini sikiliza anavyokusudia Mwanaisha. Anataka wageni wasiozidi sita kwa siku, walioagiza tangu asubuhi ili samaki anunuliwe sokoni siku hiyo hiyo. Watakaribishwa na Nasiri na kuketi dakani, hawatavuka kuingia kiwandani, yaani ua wa ndani, wala yeye mwenyewe hatatoka mbele yao. Wazee wenu walilijenga daka mbele ya nyumba ili mgeni akaribishwe kwa heshima pasipo kuvunja sitara ya waliomo ndani. Sijaona ni heshima gani itakayopotea hapo. Tena si yeye wa kwanza, kwani kuna nyumba hapa mjini zinazopikia wageni, na majirani hawajawasengenya.

Tangu shemeji atutoke, unatuma fedha kila mwezi na kila mtu hapa anakuombea dua kwa hilo. Hata hivyo, dada yako anapika chakula ambacho watu wanapanda ndege kukitafuta na hawakipati, naye anaona uchungu kuwa mtu wa kupokea tu. Hakunituma niandike haya. Angejua, angenizuia.

Kwa hiyo nakuuliza kama ndugu: ni macho ya watu unayoyahofia, au kuna jambo jingine ambalo hukutaka kumwandikia? Je, Mjomba akikubali kuketi dakani pamoja na wageni siku za mwanzo, moyo wako utatulia? Ungependelea waanze na wageni watakaoletwa na watu tunaowafahamu, kama Bakari, ambaye kila wiki anapeleka watu Shela kwa mashua yake? Na ile meza ndefu ya marehemu mzee iliyo ghorofani, unaruhusu ishushwe? Kaskazi inakaribia, na wageni huja nayo kuanzia Disemba, hivyo jibu lako likichelewa, msimu wote utampita.

Naondoka Alhamisi kwa boti ya alfajiri. Ukimpigia Bi Mkubwa simu kesho baada ya Isha, utanikuta kwake, kwani wameniita tena kula.

Wasalaam,
Nduguyo Kassim