Barua ya wazi kwa mkuu wa maliasili wa halmashauri yetu: bolti za kilimani zing'olewe

Mheshimiwa,

YAH: BOLTI ZILIZOPIGWA KWENYE NJIA MPYA ZA KUPANDA MWAMBA

Salaam. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua zetu za awali ziligongwa muhuri wa masjala, zikaishia hapo. Jumamosi iliyopita bolti ya tatu ya njia ya katikati, moja ya zile zinazoshika kamba ya mpandaji akianguka, ilichomoka. Kijana aliyekuwa ameitegemea aliporomoka hadi bolti ya pili ilipomdaka, na njiani mguu ukagonga ukingo wa jiwe. Amevunjika kifundo. Bolti ya pili nayo imepinda.

Bolti iliyochomoka tunayo. Ni ya milimita 10 kwa 80, ya kupakwa zinki, aina ile ile ambayo mafundi grili hufungia mageti. Pete yake ya kutanuka, inayopaswa kuuma mwamba nati ikikazwa, haina hata mkwaruzo. Nchani imeganda udongo mwekundu pamoja na vijizizi vya nyasi. Mheshimiwa, ndani ya granaiti nzima hakuna udongo wala mizizi. Ncha ya bolti hii haikuwahi kuuma mwamba. Ilikuwa inaning'inia kwenye uwazi.

Granaiti ya huku Mwanza humenyuka kwa magamba. Iliundwa chini sana ardhini, na tabaka zilizoifunika zilipoliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka, mwamba ulipata nafuu ya uzito, ukatanuka na kupasuka sambamba na uso wake. Ukisimama chini unaona ukuta mmoja laini. Anayejua kazi hupiga nyundo kwanza, kila mahali anapotaka kutoboa. Mwamba mzima hutoa sauti kali na kavu. Gamba hulia kama debe tupu. Pale kwenye bolti ya tatu pote panalia debe tupu. Tumeingiza waya tunduni: gamba lina unene wa sentimita 4, nyuma yake kuna nafasi ya kama sentimita 2, ndipo uanze mwamba wenyewe. Ukiondoa sehemu inayobaki nje kwa ajili ya nati na kibati, yaani kipande cha chuma chenye tundu la kushikizia kamba, pete inaangukia kwenye nafasi hiyo hasa. Bolti ilishikwa na msuguano wa tundu, basi.

Kwenye mkutano wa hadhara uliahidi kwamba hakuna njia itakayofunguliwa kabla ya kukaguliwa na mtu mwenye ujuzi. Wazee wa kijiji walikuwepo na walikupigia makofi. Njia zikafunguliwa kwa utepe, mkaguzi hatukumwona. Hatujui mkandarasi alielekezwa nini. Tunachodhani ni kwamba alipewa kazi hii kama kazi ya ujenzi, akanunua vifaa vya ujenzi, na hakuna aliyemwambia kwamba ukuta wa zege na mwamba uliopigwa na jua kali miaka mingi ni vitu viwili. Vibati navyo vimekatwa kwa grinda kutoka kwenye bati nene. Havina chapa yoyote, na kingo zake zinakwangua karabina, pingu ya chuma inayounganisha kamba na kibati. Karabina iliyokwanguka huja kula kamba.

Kibati cha kupandia huwa na chapa ya nguvu zake. Kiwango cha Shirikisho la Kimataifa la Kupanda Milima, UIAA, kinadai kilonewton 25 kwa mvuto wa pembeni, karibu tani mbili na nusu. Kwa granaiti ngumu tungetumia bolti ya milimita 12 kwa 100, ya chuma kisichoshika kutu, na kibati cha chuma hicho hicho, maana zinki ikikutanishwa na chuma kisichoshika kutu penye unyevu wa ziwa, zinki ndiyo inayoliwa. Tundu lichimbwe kwa pembe mraba na uso wa mwamba, mbali na ufa au ukingo kwa sentimita 20 au zaidi. Lisuguliwe kwa brashi na kupulizwa, kisha lirudiwe mpaka lisitoe unga tena. Unga ukibaki, pete huteleza. Nati ikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa nguvu za mkono. Juu kabisa ziwe bolti mbili zinazogawana mzigo. Kwenye njia ya kushoto ipo moja tu.

Na njia ya kulia haikuhitaji bolti nyingi vile. Ina ufa mzuri ulionyooka, unaoingiza vidole na baadaye ngumi, ambao mpandaji angeweka vishikizo vyake na kuvitoa. Mkandarasi ametoboa kando kabisa ya ufa huo. Mwamba ulioharibiwa haurudi, Mheshimiwa.

Tangu Jumamosi vijana wanaoishi kwa kuongoza wageni wamekaa bila kazi. Wageni waliokuwa wamelipa kianzio wanadai fedha zao, na ni haki yao. Hospitali inadai. Lakini linalotunyima usingizi ni tangazo kwamba wanafunzi wataletwa kupanda wakati wa likizo, kwenye bolti hizi hizi. Ya tatu imechomoka. Ya nne na ya tano ziko kwenye gamba lile lile. Zilipigwa na mtu mmoja, kwa drili moja.

Hatuombi bajeti. Drili tunayo, jenereta tunayo, bolti za kweli tumeanza kuchangishana. Zilizolegea tutazing'oa kwa mtaimbo mdogo. Zilizoshika tutazikata usawa wa mwamba na kuziba kwa gundi ya saruji iliyochanganywa na unga wa jiwe lenyewe. Magamba yanayocheza tutayaangusha kabla mtu hajapita chini yake. Mlinzi wako anatuzuia langoni, anasema anangoja barua yako, na hatumlaumu.

Tunaomba barua hiyo. Njia zote zifungwe leo, na turuhusiwe kung'oa bolti kabla wanafunzi hawajafika. Ni sahihi yako moja tu, Mheshimiwa. Tunaomba uisaini kabla ya Ijumaa.

Wako katika kazi,
Waongozaji na wapandaji wa kilima