Presha ya mjamzito isihesabiwe yote kifafa cha mimba

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu presha kwa wajawazito ilieleza vyema kifafa cha mimba, lakini ilisahau chanzo kingine: uvimbe katika tezi za adrenali, zilizo juu ya figo. Ni nadra, nakubali. Ila usipotambuliwa huweza kumuua mama pamoja na mtoto.

Uvimbe huu humwaga adrenalini na homoni za jamii yake kwa vipindi, hivyo presha hupanda ghafla kisha ikashuka. Mdogo wangu, akiwa na mimba ya wiki 14, alipimwa katika zahanati moja ya Eastlands akapatikana na 180 kwa 110, nguo imelowa jasho, moyo ukimwenda mbio. Baada ya saa moja ikawa 120 kwa 80. Muuguzi akasema mashine ni mbovu! Kifafa cha mimba kwa kawaida huanza baada ya wiki 20, kwa hiyo presha ya mapema namna hiyo ilistahili maswali zaidi.

Naiomba Wizara ya Afya na Kaunti ya Nairobi ziagize kila kliniki ya wajawazito kuuliza kuhusu maumivu ya kichwa, jasho na mapigo ya moyo yanayokuja kwa vipindi. Mwenye dalili hizo apewe rufaa apimwe homoni katika damu au mkojo wa saa 24. Uvimbe ukigunduliwa mapema, huweza kuondolewa kwa upasuaji kabla ya wiki 24, baada ya dawa za kulegeza mishipa ya damu.

Mkazi wa Kayole,
Nairobi