Mwalimu hajamgusa mtoto, je, anashtakiwa?

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Swali la juzi limerudi, kama mwalimu anaweza kushtakiwa kwa kumtesa mtoto kwa maneno na aibu bila kumpiga, nalijibu mara moja: ndiyo, inawezekana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 19, unataja ukatili wa mwili na wa akili kwa pamoja. Adhabu yenyewe hupangwa na sheria za kila nchi, na si kila ukali ni jinai.

"Umekosea, rudia" ni kazi ya mwalimu. Kumsimamisha mtoto yuleyule mbele ya darasa kila asubuhi, wenzake wamwimbie "mjinga", hadi anaanza tena kukojoa kitandani akiwa na miaka tisa, hapo ni habari nyingine. Kwa kawaida hutazamwa iwapo jambo limejirudia, nia ya mwalimu, na madhara kwa mtoto.

Kwa hiyo andikeni tarehe, nani alikuwepo, na maneno kama mtoto alivyoyatamka, msiyapambe. Msimhoji mara kumi, ushahidi utaharibika (na yeye atachoka).

Majina ya walimu yasitajwe humu, tafadhali. Nimeshafuta meseji mbili. Mwenye jambo anifuate inboksi, tuone kama ni la mwalimu mkuu, ustawi wa jamii au polisi.