Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Futari tulikula pamoja, darasa la Kiswahili la watoto linaendelea kila Jumamosi, misiba mitatu tulizikana kama ilivyo desturi yetu hapa ugenini Uingereza. Nawashukuru akina mama wa jikoni.

Sasa nije kwenye lile lililozungumzwa mwaka mzima, mara nyingi bila mimi kuwepo: safari ya Barrow-in-Furness, mji wa kaskazini-magharibi ya Uingereza, na mhadhara wangu kuhusu nyambizi, yaani meli za kivita zinazokwenda chini ya maji. Zilitumika £640, yaani £495 za basi na zilizobaki chakula. Kiingilio cha Dock Museum, makumbusho ya mji huo, ni bure. Chai na vitafunio vya mhadhara nililipia mfukoni mwangu, na risiti ninazo.

Nimeambiwa nimegeuza chama kuwa cha kusifia silaha. Si kweli. Barrow ndiko zinakojengwa nyambizi zote saba za kundi la Astute, za mashambulizi, zinazoendeshwa kwa nyuklia. Kila moja ina urefu wa mita 97 na uzito wa tani 7,400. Mkuku, yaani uti wa chini, wa Agamemnon, ya sita, uliwekwa 2013, na haikuingia rasmi jeshini hadi Septemba 2025, mbele ya Mfalme Charles. Miaka kumi na miwili kwa chombo kimoja! Nilitaka vijana wetu wanaosoma ufundi walione jengo zinamoundwa kwa macho yao, wajue kazi ya kuchomelea vyuma nayo ni elimu. Kwa wazazi waliohofia kinu cha nyuklia kilichomo ndani yake, nilieleza na narudia: kinu hutoa joto, joto hugeuza maji kuwa mvuke, mvuke huzungusha mitambo. Fueli yake imekusudiwa kutosha maisha yote ya chombo, miaka 25.

Lakini hasa nilikwenda kwa ajili ya jina. Nyambizi ya saba ilitangazwa 2018 kuwa itaitwa Agincourt, kwa vita vya 1415 ambamo Waingereza waliwashinda Wafaransa. Januari 2025, kwa idhini ya Mfalme, ikawa Achilles. Wapo wanasiasa waliolalamika kwamba ni kuwabembeleza Wafaransa. Jeshi la majini lilisema jina jipya linafaa zaidi mwaka wa kukumbuka miaka 80 tangu Vita vya Pili kwisha, kwani manowari ya zamani yenye jina hilo la Achilles ilipata heshima katika vita hivyo.

Mjumbe mmoja aliuliza mbele za watu, “Hayo yanatuhusu nini?” Namjibu leo. Desemba 1939 Achilles, yenye mabaharia wengi wa New Zealand, pamoja na manowari nyingine za Uingereza, Ajax na Exeter, iliikabili manowari ya Wajerumani Graf Spee karibu na mlango wa mto Río de la Plata, Amerika Kusini. Mwezi mmoja kabla, Graf Spee hiyohiyo ilikuwa katika Bahari yetu ya Hindi, ikaizamisha meli ya mafuta Africa Shell pwani ya Msumbiji. Na majina ya nchi zetu yamebandikwa kwenye manowari za Uingereza: Kenya, Uganda, Zanzibar. Uganda ilikabidhiwa Kanada 1944, na 1952 ikabadilishwa kuwa Quebec. Sisi hatukuulizwa jina lilipowekwa wala lilipoondolewa. Marehemu baba yangu alikuwa baharia, na jina la chombo alilitaja kama jina la mtu. Kwa hiyo nilitumia wiki tatu kuandaa mhadhara ule, na uamuzi wa safari niliufanya na kamati, wajumbe watano kati ya tisa. Katiba inaruhusu. Sijutii.

Kilichoniuma ni mahudhurio. Basi la viti 33 lilibeba watu 14, na wanne kati yao ni wa nyumbani kwangu. Waliojiandikisha wakaacha kuja hawakupiga hata simu. Kwenye mhadhara tulikuwa 11. Mkutano wa Juni uliahirishwa kwa kukosa akidi, ingawa siku hiyohiyo niliona wengi wenu harusini.

Ada nayo ni hivyo hivyo. Wanachama 112, waliolipa 41. Zimeingia £1,230, zimetoka £1,585 pamoja na safari, na pengo limezibwa na akiba ya mwaka juzi. Wanaouliza sana kuhusu £640, wengi wao hawamo katika hao 41. Daftari liko wazi.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata ukumbi mkubwa zaidi, kuwatafutia vijana nafasi za mafunzo ya ufundi, na pengine kurudi Barrow Achilles itakaposhushwa majini. Ada ni £30 kama zamani. Mweka hazina amekaa meza ya karibu na mlango, naye atapokea hadi saa kumi na moja jioni.

Mwenyekiti