Mwanangu, hesabu saa

Dodoma, Jumatano usiku

Mwanangu,

Mjomba wako ndiye aliyeniambia kwamba Ijumaa unaondoka na lori kwenda Rusumo, mpakani na Rwanda. Wewe umenyamaza mpaka begi limefungwa. Sikukatazi. Kazi umeitafuta mwenyewe, na nasikia dereva wako anakusifu kwamba kwa matairi hakuna utingo anayekufikia. Ninachoogopa ni huo ukimya wako. Ule msumari ulikaa nao mguuni siku ngapi ndipo ukasema? Kwa hili ninalokuandikia, la VVU, virusi vya UKIMWI, siku hizo hazipo.

Ni saa 72. Kondomu ikipasuka, au ukilala bila kinga na mtu usiyejua hali yake, au kwenye ajali damu ya mtu ikakuingia kwenye kidonda, una saa 72 za kuanza PEP, dawa za kuzuia virusi hivyo visishike mwilini. Usizifanye siku tatu za kujifikiria. Mwanzoni virusi vinakuwa kwenye chembechembe chache tu pale vilipoingilia. Kisha vinahamia kwenye tezi, vinazaliana, vinajichomeka ndani ya vinasaba, na vikishafika huko hakuna kidonge cha kuvitoa. Likikupata Singida Jumamosi saa nne usiku, mwisho wako ni Jumanne saa nne usiku, na huenda mko kwenye foleni mpakani. Shuka mapema. Manyoni, Nzega, Kahama, kote kuna hospitali. Mwambie dereva unaumwa, inatosha. Mwisho wa wiki CTC, kliniki ya VVU, huwa imefungwa, kwa hiyo nenda upande wa dharura useme wazi, "Naomba PEP." Utapimwa kwanza, maana aliye na virusi tayari anahitaji matibabu kamili. Kisha utameza dawa kila siku kwa siku 28. Wengi huacha kabla hazijaisha, kichefuchefu kikiwashinda au wakijiona wazima. Usinifanyie hivyo. Na hiyo dawa ya kiungulia unayoipenda usiinywe pamoja na PEP, inainasa tumboni isifyonzwe. Meza PEP kwanza, dawa ya kiungulia ifuate baada ya saa 2. Ukitangulia kunywa ya kiungulia, subiri saa 6.

Kondomu usiziweke kwenye dashibodi. Jua la Manyoni litaharibu mpira, na wewe utaona pakiti tu, nzima kabisa. Soma tarehe, bonyeza pakiti usikie hewa ndani, ichane kwa vidole, si kwa meno. Ncha uibane itoke hewa kabla hujaikunjua, la sivyo inaweza kupasuka. Usipake mafuta ya nazi wala ya mgando, yanalegeza mpira ndani ya dakika chache. Mbili kwa pamoja zinasuguana zikachanika. Ukimaliza, toka uume ukiwa bado umesimama, huku umeishika shinani.

Jando usilitegemee. Tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Hiyo 40 iliyobaki ndiyo inayoninyima usingizi.

Ukipata homa wiki mbili hadi nne baada ya jambo kama hilo, na koo kuuma, vipele, tezi kuvimba shingoni, usijitibu malaria ukaishia hapo. Wakati huo virusi ni vingi mno mwilini, na kipimo cha haraka kinaweza kusema huna, kwa kuwa kinasoma askari wa mwili ambao hawajatosha. Rudia baada ya miezi mitatu. Anayekaa miaka bila kupima huja kwetu kliniki na kifua kikuu, mkanda wa jeshi, au utando mweupe mdomoni, kinga imeshaliwa.

Na ukikuta dereva anameza ARV, dawa za kufubaza VVU, kula naye sahani moja, lala naye kwenye kebini moja. Mate, jasho, mbu, blanketi, haviambukizi. Aliyefubaza virusi mpaka kipimo hakivioni hamwambukizi hata mwenzi wake kitandani. Wembe tu kila mtu awe na wake.

Haya ungeyasikia ukiwa na miaka 14. Kwenye benchi la kliniki nimewaeleza watoto wa watu wengi sana, na nyumbani nilikuwa nafika nimechoka, nauliza kama ng'ombe wamenyweshwa. Baba yako naye alisema shule itakufundisha. Basi.

Saa 72, mwanangu. Nipigie hata usiku wa manane. Sitauliza ni nani, nitauliza ni saa ngapi.

Zabibu za nyuma zimeanza kuiva na ndege wamezivamia. Ule wavu uliouahidi kuushona haujaisha, uzi uko juu ya kabati. Dada yako anadai hela ya daftari ulizomkopa. Nimekufungia karanga na mlenda mkavu kwenye ndoo nyeupe, usiwape wenzako zote mpaka Singida. Ndoo irudi.

Mama yako