Jumamosi: kupiga picha na kupima nyota pacha

Habari za jioni ndugu wanakikundi,

Jumamosi hii, tarehe 6 Juni, tukutane saa 1:30 jioni nyumbani kwangu Njiro. Ikifika saa 3 usiku, Alpha Centauri itakuwa imepanda vizuri upande wa kusini. Ni nyota mbili zinazozungukana kwa takriban miaka 80. Mwaka 2016 zilionekana zimekaribiana mno, na sasa zinazidi kuachana, kwa hiyo kipimo cha mwaka huu kina thamani. Taa za mtaa hazituzuii. Tuombe hewa iwe tulivu.

Tutapiga picha fupifupi nyingi, kisha tutazima mota inayoifanya darubini ifuate nyota, ili nyota ipite yenyewe kwenye picha. Njia yake ndiyo inayotuonyesha magharibi, na bila hiyo pembe ya mstari unaounganisha nyota hizo mbili haipimiki. Hapo naomba tusiharakishe.

1. Mwenye kamera au kompyuta mpakato aje nayo, chaji imejaa.
2. Mchango wa chai na maandazi ni Sh 5,000, kwa mweka hazina.
3. Masweta, baridi ya Juni mnaijua.

Tafadhali jibuni "Nipo" au "Sipo" na mchango ufike kabla ya Alhamisi usiku, nijue idadi ya viti. Karibuni sana.